Saini Niliyomnyima Mama Mutuku

Siku yangu ya kwanza kazini nilifika hospitali ya wilaya kule Kitui kabla ya saa moja asubuhi, nimevaa koti jeupe ambalo mama alikuwa amelipiga pasi mara mbili, nikaambiwa nikae nje kwenye benchi pamoja na wagonjwa. Nilikaa hapo mpaka saa tatu. Mama mmoja mwenye mguu kwenye plasta aliniuliza mimi ni daktari wa nini. Nikamwambia fiziotherapia. Akawaza kidogo, kisha akamgeukia jirani yake akamweleza kwa Kikamba kwamba huyu ni yule wa kukanda. Nilikasirika, na nitakuwa mwongo nikisema hasira ile imekwisha.

Aliyenipokea ni Msimamizi wa Idara, mzee mfupi ambaye miwani yake ilikuwa imefungwa kwa uzi upande mmoja. Alinikabidhi vitu viwili. Cha kwanza kilikuwa penseli. Cha pili kilikuwa kifaa cha plastiki, kama rula mbili zilizounganishwa kwa skrubu. Kazi yake ni kupima kiungo kinakunja digrii ngapi: unaweka skrubu juu ya kiungo, rula moja inafuata mfupa wa juu na nyingine mfupa wa chini, kisha unasoma. Sisi tulikiita gonio.

"Kijana, hapa hatukandi mtu," aliniambia. "Wa kukandwa aende kwa nyanya yake. Hapa tunapima. Kama hujapima, hujatibu."

Maneno hayo niliyameza kama yalivyo. Penseli ilikuwa ya kuchora ukutani. Mgonjwa wa bega alisimama akiutazama ukuta, akapandisha vidole taratibu kama buibui, na pale alipofika tulichora mstari, tukaandika jina na tarehe. Wiki iliyofuata tulitaka mstari uwe juu zaidi. Kwenye dari palikuwa na kapi, yaani kigurudumu kilichopitishwa kamba, ili mkono mzima uuvute ule mgonjwa. Mtu alilia, akatukana, akarudi kesho yake. Ndivyo tulivyofanya kazi.

Tangu mwaka ule wa kwanza nilikuwa na ugonjwa wangu mwenyewe, na jina lake ni wivu. Daktari wa upasuaji aliunga mfupa kwa saa mbili, akaletewa kuku na gunia la pojo. Mimi nilihangaika na mfupa uleule miezi saba, na mgonjwa akinikuta sokoni alivuka upande wa pili wa barabara. Ni kweli kwamba kwangu aliumia na kwa daktari alilala usingizi. Lakini anayemfanya mtu atembee tena ni nani? Nilijiuliza hivyo kila nilipoona kuku akipita mlangoni kwangu miguu imefungwa.

Baadaye nilipelekwa Ikutha, kwenye kituo cha afya ambapo idara nzima ya fiziotherapia ilikuwa mimi na meza. Huko kulikuwa na bibi mmoja mkandaji, mwenye mafuta yake kwenye chupa ya soda. Siku ya soko watu walipita mbele ya mlango wangu, wananisalimia vizuri sana, wanaenda kwake. Niliwaonya kwamba mfupa uliovunjika juzi haukandwi, na katika hilo nilikuwa sawa kabisa. Ila sikuwa nawaonya kwa sababu ya mfupa peke yake. Nilihesabu viatu nje ya nyumba yake kila nilipopita, na chakula cha mchana kikakosa ladha.

Miaka yangu ya mwisho, ambayo ndiyo mingi, niliitumikia katika hospitali moja ya kando ya barabara ya Mombasa. Sitaitaja, kwa kuwa kosa nitakalolieleza ni langu, si la hospitali. Pale ndipo nilipojua barabara inaweza kumfanyia nini mwili wa mtu. Waliletwa madereva wa malori, waendesha bodaboda, wachuma nyanya wa kule Kiboko, walimu. Watu wengi hudhani ajali inaisha siku plasta inapokatwa. Siku hiyo mgonjwa anautazama mguu wake, umekonda kama wa mtu mwingine, goti halikunji, na nyumbani wanamngoja arudi kazini Jumatatu. Kutoka hapo hadi Jumatatu yenyewe kunaweza kuwa na mwaka mzima, wakati mwingine miwili. Mwalimu anajua somo lake lakini hawezi kuinua chaki ubaoni. Dereva amepona kila mahali, ila akisikia breki ya lori anatoka jasho. Mimi nilikuwa kiongozi wa kitengo hicho, na ukuta wangu ulijaa mistari ya penseli kutoka kiunoni hadi juu ya mlango. Niliupenda ukuta ule. Mafundi wa hospitali walipotaka kuupaka rangi niliwafukuza.

Kisha kaunti ikatuletea Syombua.

Alikuwa msichana wa miaka ishirini na kitu, mtaalamu wa tiba ya kazi. Kwa wasioijua, tiba ya kazi inaanza pale ambapo fiziotherapia inaona imemaliza: inamfundisha mtu kuvaa, kupika, kulima, kushona, kwa mwili alionao sasa. Hatukuwahi kuwa na mtu wa namna hiyo, wala hatukuwa na chumba chake. Nilimpa stoo ya mwisho wa ukumbi, kulikowekwa magongo yaliyovunjika. Nilifikiri atalalamika. Alifagia, akaniomba ruhusa ya kuleta vitu vyake, na baada ya wiki mbili stoo ile ilikuwa na jembe, cherehani ya miguu, ubao wa darasani, jiko la makaa na kinu na mchi wake.

"Hii ni hospitali au ni soko la Sultan Hamud?" nilimuuliza.

"Ni kazi, mzee," alinijibu akicheka. "Si watu wanarudi kazini? Basi wacha waanzie hapa."

Mimi mgonjwa akikaa nilimuuliza, "Wapi kunauma?" Yeye alimuuliza, "Unafanya kazi gani?" Na mgonjwa aliyekuwa ameinamisha kichwa kwangu, kwake alikiinua akaanza kueleza. Nilikuwa nasikia kupitia ukutani. Kwangu mtu alizungumza kwa dakika mbili. Kule alizungumza hadi chai ikapoa. Nilikuwa natoka na kupita ukumbini nikijifanya natafuta faili.

Hapo ndipo alipokuja Kalekye, ambaye sote tulimwita Mama Mutuku. Alikuwa mpishi katika shule ya bweni ya wasichana, mama wa nguvu, mwenye kicheko cha kusikika mbali. Pikipiki ilimgonga akivuka barabara na kikapu cha vitunguu. Mfupa wa juu wa mkono wa kulia ulivunjika mahali pawili, daktari akauunga kwa chuma na skrubu, na mkono ukakaa kwenye kitambaa cha shingoni muda mrefu kuliko ilivyofaa. Aliponifikia bega lilikuwa limeganda. Vidole vyake vilipanda ukutani hadi usawa wa kidevu, vikakwama. Wiki ya kwanza kidevu, ya pili kidevu, ya tano kidevu.

"Daktari, mimi nakoroga muthokoi ya wasichana mia sita," aliniambia akifuta machozi kwa mkono wa kushoto. "Na mwalimu mkuu amesema ananiwekea nafasi mpaka shule ifunguliwe mwaka mpya. Ikipita hapo anaandika mtu mwingine. Nikikosa hiyo kazi, mimi na watoto tumekwisha."

Nilimwambia avute kapi. Syombua alipoomba naye amwone, nilikubali kwa kuwa sikuwa na sababu ya kukataa.

Msomaji wa Ukambani hahitaji kuelezwa muthokoi, lakini wengine wajue ni mahindi yaliyotwangwa yakatolewa ganda kabla ya kupikwa na maharagwe. Unayalowesha kidogo, unayatwanga kwenye kinu, si kwa nguvu ya kuvunja bali kwa mwendo wa kusugua, mchi unapanda na kushuka bila haraka. Syombua alimwanzisha na mchi mfupi wa mtoto, akiwa amekaa. Kisha akamsimamisha. Kisha mchi mrefu, mikono miwili, ule mzima ukiubeba mgonjwa bila mwenyewe kujua. Kina mama wengine wenye mikono yao mibovu walisimama wakipokezana naye, na mlio wa kinu ukawa unasikika hadi dirisha la dawa. Mgonjwa wangu akivuta kapi alikuwa anageuza shingo kuelekea kule kwenye vicheko.

Baada ya wiki nane mstari wake ulikuwa umepita paji la uso. Nilichora mwenyewe, nikajipongeza kwa sauti.

"Umeona sasa, Mama Mutuku? Kapi imefanya kazi."

"Asi, daktari!" akasema, bila ubaya wowote. "Hiyo ni kinu."

Nilicheka naye. Nilipofika nyumbani nilimwambia mke wangu kwamba tumbo linaniuma.

Jumapili iliyofuata, kanisani kwetu, ulifika wakati wa ushuhuda. Mama Mutuku alisimama mbele, akainua mkono wa kulia, na kanisa zima likapiga vigelegele. Akamshukuru Mungu. Akamshukuru mchungaji na kikundi cha akina mama kilichomchotea maji miezi yote ile. Akamshukuru Madam Syombua kwa jina, mara tatu, akaeleza kinu na mchi wote hadi watu wakacheka. Mwishoni akasema, "Na wale wengine wa hospitali." Mimi nilikuwa benchi la nne. Wale wengine ni mimi.

Mke wangu alinitania siku nzima. "Wale wengine wataongezwa supu?" aliniuliza mezani. Nilitabasamu, lakini nilikuwa naungua. Nilikuwa na miaka thelathini na zaidi kazini, nimeinua mikono ya watu isiyohesabika, na msichana wa juzi kwa kinu cha kuazima alitajwa mara tatu mbele ya Mungu. Ndivyo nilivyoona. Sitaki kupamba.

Wiki moja kabla ya shule kufunguliwa, Mama Mutuku alileta fomu ya kurudi kazini. Syombua alikuwa ameijaza sehemu yake kwa mwandiko safi: mgonjwa anaweza kupika, asimame juu ya kibao kifupi ili sufuria iwe chini yake, atumie mwiko mrefu, na asiteremshe sufuria peke yake. Chini palibaki nafasi moja ya saini, na hiyo ilikuwa yangu kama kiongozi wa kitengo. Bila saini hiyo karatasi ile haikuwa na maana yoyote.

Nilichukua gonio. Nikamwambia ainue mkono. Digrii mia na ishirini. Katika kitengo chetu palikuwa na kanuni, ambayo niliitunga mwenyewe zamani, kwamba kazi nzito inahitaji mia na hamsini. Kanuni hiyo nilikuwa nimeivunja mara nyingi, kwa dereva huyu na mkulima yule, kila nilipoona mtu anaweza. Siku hiyo niliikumbuka. Nikaandika: "Hajawa tayari. Apimwe tena baada ya miezi mitatu."

Mama Mutuku alisoma polepole. "Lakini daktari, si napika nyumbani? Si natwanga?"

"Bega haliamuliwi kwa kutwanga, mama. Linaamuliwa kwa kipimo."

Alitoka bila kuniaga. Syombua aliingia baada ya muda mfupi, karatasi mkononi, na kwa mara ya kwanza sikumwona akicheka.

"Mzee Kimeu, sufuria haiko juu ya kichwa. Iko kiunoni. Mia na hamsini anaihitaji ya nini?"

"Chuma kikilegea utajibu wewe?"

"Picha ya eksirei si uliiona? Mfupa umeshika. Mzee, shule inafunguliwa Jumatatu."

"Madam, anayesaini ni mimi."

Aliikunja ile karatasi. Nafikiri alinielewa saa ileile. Alikwenda kwa Daktari Mkuu wa hospitali, naye akaniita ofisini.

"Kimeu, huyu mama wa shule," akasema bila kuinua macho kutoka kwenye karatasi zake. "Una hakika?"

"Nina hakika, daktari."

"Basi. Mambo ya bega nakuachia wewe."

Aliniamini kwa sababu hakuwahi kunikamata na uongo. Nilitoka ofisini kwake nimejaa raha, raha ya kweli, ambayo ilidumu hadi mchana. Shule ikafunguliwa, mwalimu mkuu akaandika mpishi mwingine.

Mwezi wa pili Syombua alinikuta nakunywa chai. Hakukaa. "Nilimwona Mama Mutuku Jumamosi," akasema. "Analima matuta ya watu kwa kibarua. Matuta, mzee, kwenye mawe. Na ule mkono." Kisha akaenda zake. Asiyejua matuta ya kwetu ajue ni kuchimba mtaro kwenye mteremko mgumu na kuutupa udongo upande wa juu, juu ya bega lako. Mkono niliosema hauwezi kukoroga kwa mwiko ulikuwa unatupa mawe.

Miezi mitatu ilipotimia alirudi, mikono ina malengelenge. Nilimpima. Mia na ishirini na mbili. Nilisaini bila kuandika neno jingine. Alishukuru, akakunja karatasi vizuri, akaiweka kwenye kitambaa kifuani, ijapokuwa sote wawili tulijua nafasi imejaa. Alilima matuta na kubeba maji ya watu misimu miwili kabla ya yule mpishi mwingine kuolewa Machakos na shule kumrudisha. Mtoto wake wa pili alikaa nyumbani bila kwenda shule katika kipindi hicho. Hilo nililijua na sikuuliza.

Sasa nimestaafu. Ninafuga mbuzi kadhaa, ninasumbuliwa na mgongo, na vijana wa kazi hii wakipita hunikalisha niwasimulie ya zamani. Huwasimulia ya Msimamizi wa Idara na miwani yake, nao hucheka. Nawaambia wapime, kwa sababu kupima ni kuzuri na mimi bado naamini hivyo. Nawaambia pia wamwulize mgonjwa kazi yake kabla ya kumwuliza maumivu yake, na sisemi nilijifunza kwa nani. Hata sasa kumtaja Syombua kwa sifa kunanikwama kooni. Ameshachukua kitengo changu. Nasikia ukuta wangu umepakwa rangi ya kijani, na kinu kimeongezwa cha pili. Mke wangu aliponiambia, niliamka nikaenda kuangalia mbuzi ambao hawakuwa na shida yoyote.

Ila kuna siku moja ambayo vijana hao siwasimulii, siku ya kuniaga. Walipanga viti ukumbini, palikuwa na chai na keki, Daktari Mkuu akasoma hotuba, Syombua akapanga zawadi mezani. Mshereheshaji akauliza kama kuna mgonjwa wa zamani mwenye neno. Mama Mutuku akasimama, amevaa aproni ya shule, ameomba ruhusa ya saa moja jikoni.

"Mimi nataka kusema juu ya huyu mzee," akaanza. "Wakati ule wengine walitaka nirudi haraka. Yeye akasema hapana, mkono kwanza. Mimi nilikasirika. Nilimsema vibaya kwa nyumba yangu, nilimsema kwa majirani, hata nikaomba Mungu amwonyeshe. Sikujua alikuwa ananichunga. Leo huu mkono unakoroga sufuria mbili na hauniumi. Kama angesaini siku ile, pengine ningekuwa kiwete wa mkono." Akageuka akanitazama, machozi yanamtoka. "Mzee, nilikukosea. Naomba unisamehe mbele ya hawa watu wote."

Ukumbi ulipiga makofi. Syombua alikuwa amesimama karibu na meza ya keki, na yeye akapiga makofi, taratibu, akinitazama usoni bila chuki, anangoja nitasema nini. Nilimwonea wivu hata hapo, kwa kuweza kunitazama hivyo. Nafasi ya kusema ukweli ilikuwa mbele yangu, pana, na hakuna aliyekuwa ananiharakisha.

Nilisimama, nikaushika mkono wa kulia wa Mama Mutuku kwa mikono yangu miwili, nikamwambia nimemsamehe.